Kumwagizia Mwenzako Polisi: Simu za Uongo na Wacheza Gemu wa Eldoret

Mweleze kijana anayecheza gemu laivu kutoka bedsita yake kule Annex kwamba kuna watu Marekani wanaopiga simu ya uongo ili polisi wamvamie mchezaji akiwa hewani, naye atacheka. Atakuambia hapa Eldoret polisi hawaji hata ukiwaita kwa jambo la kweli, sembuse la uongo. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, na ndiyo sababu linawatuliza wengi kupita kiasi. Anayelitoa anaitazama simu. Mtu wa kutazamwa ni yule anayeitikia simu: anakuja na nini mkononi, na ameuliza nini kabla ya kuja. Kwa upande huo mji wetu, uliopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, hauna kinga yoyote ambayo Marekani haina, na una udhaifu kadhaa ambao Marekani haina.

Tuanze na tukio linalojulikana zaidi, kwa kuwa lina karibu kila kitu ndani yake. Tarehe 28 Desemba 2017 vijana wawili waligombana wakicheza Call of Duty mtandaoni. Dau walilokuwa wamewekeana lilikuwa dola moja na nusu, yaani kama shilingi 150 za Kenya za wakati huo. Mmoja wao, aliyekuwa Ohio, akamwomba mtu wa tatu, Tyler Barriss wa Los Angeles, amfanyie kazi yule mwenzake wa Wichita, Kansas. Yule wa Wichita alipojua anatafutwa akatoa anwani ya zamani, nyumba ambayo haishi tena, na kuwakaribisha waje. Barriss akawapigia polisi wa Wichita akajifanya kijana aliyempiga baba yake risasi kichwani, amewashikilia mama na ndugu yake, na amemwaga petroli ndani ya nyumba. Polisi wakaizunguka nyumba. Andrew Finch, mwenye umri wa miaka 28, ambaye hakuwa akicheza gemu hilo na hakuwajua hao watu, akafungua mlango aone taa za nini. Askari mmoja akampiga risasi, akafa.

Barriss alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwezi Machi 2019. Aliyefyatua risasi hakushtakiwa. Mwaka 2023 jiji la Wichita lilikubali kuilipa familia dola milioni 5. Kuna jambo dogo ambalo mawakili wa familia walilishikilia, nami naona ndilo zito kuliko yote: mpigaji alisema nyumba haina orofa, na nyumba waliyoizingira polisi ilikuwa nayo. Kosa hilo lilikuwa mbele ya macho ya kila askari aliyesimama pale, na hakuna aliyelitumia kujiuliza swali.

Marekani mchezo huu huitwa swatingi, kutokana na SWAT, vikosi vya polisi vya silaha nzito. Ulikuwepo kabla ya michezo ya video kurushwa laivu, lakini urushaji laivu ndio uliounenepesha. Agosti 2014 Jordan Mathewson, anayejulikana kwa jina la Kootra, alikuwa akicheza mbele ya kamera katika ofisi yake Littleton, Colorado, watazamaji wakaona askari wenye bunduki wakiingia na kumlaza chini. Agosti 2022 ilikuwa zamu ya IShowSpeed, ambaye vijana wengi wa Kimumu na Langas wanamfahamu kuliko mbunge wao. Naye alitiwa pingu huku matangazo yakiendelea. Si lazima pawe na bunduki ili mtu afe. Aprili 2020 Mark Herring, mzee wa miaka 60 huko Tennessee, alizingirwa na polisi walioambiwa kuna mauaji nyumbani kwake. Waliopiga simu walitaka awaachie jina lake la Twitter. Moyo wake ulisimama.

Kwa nini wacheza laivu? Kwa sababu wao humlipa mhalifu papo hapo. Mtu akimpelekea jirani polisi kwa uongo hukaa akisubiri umbea. Akimpelekea mchezaji aliye hewani, anauona mlango ukipigwa, uso ukibadilika rangi, mikono ikiinuka, na watu elfu kadhaa wanaona pamoja naye. Isitoshe, mchezaji ana ratiba. Anatangaza mwenyewe kwamba saa mbili usiku atakuwa kwenye kiti chake, ameziba masikio kwa hedifoni, mgongo kwenye mlango. Na biashara ilishaingia humo. Alan Filion wa California, aliyeanza akiwa na umri wa miaka 16, alipiga zaidi ya simu 375 za namna hii kati ya 2022 na 2024, akitangaza huduma yake mtandaoni kama fundi wa kuchomelea. Februari 2025 alifungwa miezi 48.

Sasa turudi kwetu, kaunti ya Uasin Gishu. Sijui tukio la aina hii lililothibitishwa Eldoret, na sitalibuni. Ninachotaka kuuliza ni kama yule kijana wa Annex ana haki ya kucheka.

Hoja yake ya kwanza ni anwani. Hakuna anayeishi Kapsoya kwenye nambari 14 barabara fulani. Unaelekezwa kwa kanisa, kwa posho mill, kwa geti la kijani, halafu unapiga simu uchukuliwe. Kweli, mtu aliye Mombasa au Manchester hataipata nyumba yako kwa ramani. Lakini mchezaji wa Eldoret humwaga taarifa nyingine ambazo yule wa Ohio hazimwagi. Anapoomba watazamaji wamtilie kitu kidogo, anaandika nambari yake ya M-Pesa kwenye skrini. Yeyote anayejaribu kutuma shilingi 10 anaoneshwa jina la mwenye laini kabla hata hajabonyeza kukubali. Jina na nambari vikishapatikana, makundi ya WhatsApp ya chuo na ya mtaa yanamaliza kazi iliyobaki. Kesha la kanisa linasikika kupitia maikrofoni, na adhana vilevile. Kuna hata hili la stima: Kenya Power hutangaza mapema maeneo yatakayokatiwa umeme na saa zake, kwa hiyo matangazo yanayozimika saa tatu kamili siku ambayo Kapsoya iko kwenye orodha yamekwisha kukuweka Kapsoya.

Na ule upungufu wa anwani unaomficha mchezaji ndio utakaomponza jirani yake. Kama polisi wa Wichita, wenye anwani kamili, waliua mtu asiyehusika, askari aliyeambiwa "ile ploti ya mabati mekundu nyuma ya shule, mlango wa tatu" atagonga mlango wa nani? Ploti ina milango 12. Katika mji wa vyumba vya kupanga, simu ya uongo haimlengi mtu mmoja hata kama aliyepiga alikusudia mmoja.

Hoja ya pili ni kwamba laini za dharura hazina nguvu. Nambari 999, iliyokuwa imezimika kwa miaka mingi, ilifufuliwa mwaka 2013 pamoja na 112 na 911, na tangu siku hizo wahudumu wamelia kuhusu wapigaji wa mzaha. Ni malalamiko yaleyale ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania juu ya 114. Watu wengi wa Eldoret wakipatwa na jambo hawapigi nambari hizo. Wanampigia mkuu wa kituo (OCS) wakiwa na nambari yake, au chifu, au mwenyekiti wa Nyumba Kumi, au askari wanayemfahamu kwa sababu ni mtu wa kwao. Mfumo wetu wa dharura ni wa kujuana.

Hapo ndipo naona wachezaji wetu wanapojidanganya vibaya. Mfumo wa kujuana ni mgumu kwa mgeni aliye mbali, ni mwepesi mno kwa adui aliye karibu. Simu ya Barriss ilipokelewa na mtu asiyemjua. Kwetu, simu ya uongo itapokelewa na mtu anayemjua mpigaji, anayemwamini, na ambaye hataandika chochote kwenye kitabu cha matukio (OB) kabla ya kuwasha gari. Kwa hiyo nisingemwogopa sana mtoto wa Ohio. Ningemwogopa aliyeshindwa kwenye kibanda cha PlayStation mbele ya rafiki zake akakataa kulipa dau, mpenzi aliyeachwa, mwenye deni, jirani aliyechoshwa na kelele za usiku. Ugomvi wa shilingi 150 hauhitaji kuvuka bahari.

Halafu kuna mwitikaji ambaye Wichita hawamjui: umati. Neno "mwizi!" likipigwa kwa sauti ya kutosha kwenye ploti ya Huruma au Munyaka huita watu wenye mawe haraka kuliko gari lolote la polisi, na hakuna anayerekodi wala kuthibitisha. Ujumbe mmoja kwenye kundi la mtaa kwamba kijana wa chumba nambari 7 anayezungumza peke yake kwa Kiingereza usiku kucha, na redio zake na nyaya zake, ni tapeli au mwanachama wa kundi la kigaidi, unaweza kufanya kazi ambayo Marekani inahitaji kikosi maalumu. Mji huu hauna udhuru wa kutojua. Katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, kabla na baada ya kanisa la Kiambaa kuchomwa moto Januari mosi, meseji na uvumi vilisafiri hapa kwa kasi, na watu walikufa.

Hofu iliyopandwa inaua pia bila mkono wa mtu. Aprili 2015, siku 10 baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, mlipuko wa hitilafu ya umeme katika bweni la Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kikuyu uliwafanya wanafunzi waamini wamevamiwa. Waliruka madirishani, mmoja alikufa, zaidi ya 100 wakaumia. Novemba 30 mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la kuigiza shambulio, milio ya risasi ikiwa sehemu ya maigizo, na wengi waliokuwemo hawakuambiwa. Mfanyakazi mmoja wa kike aliruka kutoka juu, akafa. Hapo hapakuwa na adui wala mzaha. Palikuwa na polisi waliojua na raia wasiojua. Ukielewa siku hiyo umeelewa mchezaji aliyezibwa masikio anachokabiliana nacho mlango unapovunjwa.

Ukitaka kuona jambo hili likikomaa katika ukanda wetu, nenda Bahir Dar, Ethiopia. Profesa Meareg Amare alikuwa mwalimu wa kemia katika chuo kikuu cha huko. Oktoba 2021 kurasa za Facebook zilichapisha jina lake, picha yake na mahali pa kazi, zikimzulia makosa. Novemba 3 watu wenye silaha walimfuata hadi nje ya nyumba yake wakampiga risasi. Hakuna aliyepiga 112. Kesi ya mwanawe dhidi ya kampuni ya Meta ilifunguliwa Mahakama Kuu ya Nairobi Desemba 2022, na Aprili 2025 mahakama ikaamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza. Hakuwa mcheza gemu, lakini njia ni ileile: jina likaanikwa, tuhuma ikabandikwa, na kazi iliyobaki wakaachiwa watu wenye bunduki.

Lakini sehemu inayonikosesha usingizi ni ya Kenya hasa, na ni ya miaka hii. Kati ya Juni na Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 82 waliotekwa, wengi wao vijana waliosema jambo mtandaoni. Waliochukuliwa waliwaeleza watekaji wasiovaa sare, magari bila alama, nyuso zilizofunikwa. Kijana mwenye wafuasi elfu kumi anayesikia mlango ukipigwa saa sita usiku ana dhana tatu kichwani: majambazi, watekaji, polisi. Akifungua kwa polisi wa kweli waliodanganywa, huenda akapona. Akidhani ni majambazi akachukua panga, au akaruka ukuta, mwisho wake ni wa Finch. Serikali yenye maafisa wanaokuja usiku bila sare imeharibu ishara pekee ambayo raia mwema angeitegemea. Kwa hiyo anayepiga simu ya uongo Eldoret leo anawasha moto kwenye nyasi zilizokwisha kauka.

Upande wa polisi nao una mtihani wake, na ni haki niutaje. Taarifa ya hatari haiwezi kupuuzwa. Oktoba 2023 ndege ya Kenya Airways kutoka Nairobi kwenda London, KQ100, ilisindikizwa na ndege za kivita za Uingereza hadi Stansted kwa sababu ya taarifa ya tishio. Haikupatikana hatari yoyote, lakini hakuna rubani wala waziri ambaye angethubutu kubahatisha. Mkuu wa kituo anayeambiwa kuna mtu amemchoma mkewe kisu hawezi kukaa akitafakari. Wakati gari moja limetumwa kwa uongo upande wa Elgon View, mama wa Langas anayepigwa kweli anasubiri gari hilohilo.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kuwa kosa kumpa mtumishi wa umma taarifa unayojua ni ya uongo ili atumie mamlaka yake kumdhuru mwingine. Kifungu hicho ni cha zamani na kinatosha kabisa kwa simu ya kituoni. Kulikuwa na kingine, kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichotaja waziwazi kutuma ujumbe wa uongo ili kumsumbua mtu au kumtia wasiwasi. Mahakama Kuu ilikibatilisha Aprili 2016, kwa haki, kwa sababu kilikuwa kipana na chenye giza kiasi cha kumnasa yeyote mwenye mdomo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 ilikuja na makali zaidi: kifungu cha 23 kilifikia faini ya shilingi milioni 5 au miaka 10 kwa kuchapisha uongo wa kuzua taharuki, na cha 27, cha kumsumbua mtu mtandaoni, shilingi milioni 20 au miaka 10.

Kwa hiyo tatizo si uhaba wa adhabu. Tuhuma za kuchapisha uongo ndizo zilizompeleka Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mitandaoni, kutoka Homa Bay hadi seli ya kituo cha polisi cha Central, Nairobi, Juni 2025, na humo akafa. Nani atamwambia mchezaji kijana akimbilie sheria hiyohiyo imkinge? Usajili wa laini nao haujatupa usalama tulioahidiwa. Kitambulisho chako kinaweza kuwa na laini usizozijua. Matapeli wa Mulot na sauti zinazotoka magereza ya Kamiti zimetufundisha hayo. Simu ya uongo itafuatiliwa hadi kwa bibi wa Turbo ambaye hajawahi kuishika laini hiyo.

Seattle ilijaribu njia nyingine mwaka 2018. Mtu anayehofia kulengwa hujiandikisha kwa polisi, na simu ikija kuhusu nyumba yake anayepokea huona onyo kwamba huenda ni uongo. Askari bado wanakwenda, ila wanakwenda wakijua. Wazo ni zuri. Hapa kwetu lina ugumu mmoja mkubwa: ni kijana gani, baada ya 2024, atakwenda kituoni kwa hiari yake kuandikisha jina, chumba anacholala na saa anazokuwa ndani? Mimi nisingemshauri. Orodha kama hiyo ikiwa kwenye daftari la kituo inaweza kuuzwa kwa bei ya chai.

Ninachoona kinawezekana ni kidogo na hakigharimu bajeti. Mpokeaji wa taarifa aandike kwenye OB kabla gari halijaondoka, na ampigie mpigaji tena kwa nambari ileile, amuulize jambo moja ambalo aliye mbali hawezi kulijua: rangi ya geti, jina la soja, kanisa lililo jirani. Nyumba zetu zisizo na nambari zina faida hapo. Askari wakifika wazungumze kwanza na mlinzi wa geti au mwenye ploti, kwa kuwa karibu kila ploti ina mmoja wao anayejua nani yumo. Waje na sare na gari lenye alama, wajitambulishe kwa sauti. Mambo haya hayamchelewishi mwenye shida ya kweli hata kwa dakika mbili.

Na wewe unayerusha gemu lako kutoka Annex, Kapsoya au Chepkoilel: ondoa nambari yako ya simu kwenye skrini, tumia till ya Lipa na M-Pesa yenye jina la biashara. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Chelewesha matangazo yako kwa dakika kadhaa ili anayekutazama asikuone papo hapo. Mwambie soja wa geti na jirani wa mlango wa pili unafanya nini usiku, na uwaachie wazazi neno la siri, kwa sababu simu ya "mwanao yuko Moi Referral, tuma pesa" ni ndugu wa hii na imezoeleka zaidi. Mlango ukigongwa, toa hedifoni, washa taa, onyesha mikono mitupu, na usishike kitu chochote. Usikimbie.

Huduma ya Taifa ya Polisi iandike sharti la kumpigia mpigaji tena katika kanuni zake za kazi sasa, kabla Eldoret haijapata jina la kuliweka kando ya lile la Finch.